Nilimsingizia Marehemu Ndoto kwa Ajili ya Gari Jeupe

Nimekosa, ndugu zangu. Sikutumwa na mtu, sikurogwa, wala shetani hakunipitia. Ni mimi mwenyewe, kwa ulimi huu huu ambao kwaya nzima inausifu, niliyemzulia uongo mume wangu aliyelala kaburini. Na yote kwa ajili ya gari!

Jina langu siliandiki. Shule niliishia darasa la tatu, mkikuta nimekosea herufi pitieni tu. Sikilizeni aibu yenyewe.

Nina mwanangu mmoja, fundi wa magari, ana gereji Ipagala hapa Dodoma mjini. Nimwite Yona, ingawa si jina lake. Mimi naishi kwake. Kazi inayomlisha ni kuyafuata magari yaliyofia njiani. Analipandisha gari bovu juu ya tela lake la chuma, analikokota mpaka gereji, analitengeneza. Watu wamemzoea. Gari likizima Hombolo, likizima Chamwino, utasikia, "Mpigieni Yona."

Basi pikapu yake ya kukokotea ikafa. Ikafa kabisa, hata yeye fundi akaifunika turubai. Yona na mkewe, Mama Jeni, wakapatana watafute gari moja la kazi mbili: siku za kazi livute tela lenye gari juu yake, Jumapili litubebe sote, wao, watoto, na mimi bibi. Magari mawili hawayawezi.

Nikauza maksai wangu wa kulimia waliokuwa Hombolo, nikachangia. Na kwetu sisi Wagogo, aliyetoa ng'ombe ana neno. Mimi nikaona nina maneno yote!

Tukaenda uwanja wa kuuzia magari, mimi, Yona na Mama Jeni. Huyu mkwe wangu ndiye anayeuza vipuri pale gereji. Akalifikia gari moja kuukuu, la dizeli, rangi ya matope. Akalala chini na kitenge chake, akaingia uvunguni na tochi ya simu!

"Mama Jeni, umepoteza nini huko?"

"Natazama chesisi, mama. Gari la kuvuta linatazamwa chini, halitazamwi juu. Hili limekaa juu ya vyuma viwili kama reli. Na ndoano ya tela imeshikwa hapo hapo kwenye chuma."

"Na huko nyuma tutakaaje? Viti vimetazamana kama kilabuni!"

"Tutatazamana, mama. Si familia?"

Nikaguna. Mimi nachagua maksai tangu msichana. Marehemu mume wangu hakuthubutu kwenda mnadani bila mimi. Maksai wa kukokota unamtazama kifua, unamtazama makalio, unampiga kofi mgongoni usikie anavyolia ndani. Huendi kumlalia chini ya tumbo!

Nikauzunguka uwanja mzima nikiyapiga magari makofi. Watu wananitazama, sijali. Ndipo nikaliona.

Jeupe pee! Refu, vioo vyeusi, makalio mapana kama shangingi la waziri. Tangu serikali ihamie kwetu tumezoea kuyaona ya namna hiyo yakipita, yanakuachia vumbi mdomoni. Na kuna mwanakwaya mwenzangu hushushwa kanisani na moja, akishuka anautikisa mkufu wake kwanza ndipo anasalimia. Nikalipiga kofi. Likalia, ndu! Nikasema, huyu ndiye.

Dalali akaja mbio. "Shikamoo bibi! Bibi una jicho! Watu na vyeti vyao wamepita hapa, hawakuona ulichoona wewe."

Loo, sifa tamu jamani! Nilimwitikia marahaba ndefu kama wimbo.

"Linavuta tela?" Yona akamuuliza. "Tela lenye gari juu?"

"Bosi, gari lenye mwili huu lishindwe na tela?"

Mama Jeni akachungulia chini mara moja tu, akainuka, akafungua kitabu cha gari. "Yona, hili halina chesisi, ni bati limekunjwa. Linaendeshwa na magurudumu ya mbele peke yake. Injini yake ni ya kupelekea watoto shule. Na mzigo walioandika humu kwamba linaweza kuvuta, huo ni mzigo wa mbuzi, si wa gari."

Yona akamtazama mkewe. Akanitazama mimi. Akasema tutaamua kesho. Nilimwona usoni, nikajua nimeshindwa.

Asubuhi tunakunywa uji, nikaweka kikombe chini.

"Nimeota," nikasema. "Baba yenu kanijia."

Kwetu, hata sisi tunaoimba kwaya, marehemu akija ndotoni hapingwi. Unaweza kubishana na mchungaji, lakini mzee aliyefunga safari kutoka huko akakujia, unabishana naye vipi?

"Kasemaje?" Yona akauliza, sauti imebadilika.

"Hakusema. Alisimama pale uwanjani, akaweka mkono juu ya lile jeupe."

Mama Jeni akasukuma bakuli lake mbele. Yona akawa anafuta macho. Mimi mjinga nilidhani ni moshi wa jikoni!

Jeupe likaja nyumbani. Jumapili likanishusha kanisani. Nikatoa mguu mmoja, nikangoja waone. Nikatoa wa pili. Yule wa mkufu akajifanya anatafuta wimbo kitabuni, na kitabu kageuza juu chini! Nilishiba siku hiyo, hata chakula cha mchana sikukitamani.

Raha ya mbwa kulala jikoni, haidumu. Wiki ile ile mwalimu mmoja mstaafu akapiga simu, gari lake dogo limefia Hombolo. Nikasema na mimi naenda, nikamwone maksai wangu akifanya kazi.

Tukalipandisha gari la mwalimu kwenye tela. Mwalimu akakaa mbele na Yona, mimi nyuma kama malkia. Kwenye tambarare likaenda, linakoroma kama mtu mwenye pumu. Tukafika kwenye kimwinuko kidogo, ambacho hata punda wa maji hakihesabu kuwa kilima.

Magurudumu ya mbele yakaanza kuzunguka bure. Pua ikainuka, nyuma tukadidimia. Moshi! Harufu ya mpira! Yona anakanyaga mafuta, gari linalia, halisogei.

Halafu likasogea. Kinyumenyume!

Jamani, mmewahi kuona plau linamvuta maksai? Tela lilitukokota sisi! Lile gari bovu la mwalimu ndilo likawa linaongoza msafara, na sisi wazima tunalifuata. Tukavunja ua wa miiba, tukaingia shamba la zabibu. Mimi nimekumbatia kiti, nalipigia kelele zile za Kigogo ambazo ng'ombe yeyote akizisikia anasimama. Halikusikia!

Mwalimu, mtu wa heshima zake, hakupiga kelele. Akauliza tu kwa upole, "Yona, tunarudi kwangu?"

Tukasimama katikati ya mizabibu. Hakuumia mtu. Mwenye shamba akaja na jembe begani. Akalitazama gari la kwenye tela. Akalitazama jeupe, linatoka moshi. "Samahanini," akasema. "Hapa lililoharibika ni lipi?"

Nikadhani mambo yataishia hapo. Mama Jeni akasema kwa adabu, "Yona, tuliuze kabla halijachubuka zaidi, tutafute la kuvuta."

Yona akakataa! "Baba ndiye aliyelichagua. Baba hakosei. Sisi ndio wenye kosa. Kuna mtu humu ndani alilidharau." Akamtazama mkewe.

Nilifungua mdomo. Nikaufunga.

Tela likaegeshwa uani, kuku wakaanza kutaga chini yake. Watu walipiga simu waje kukokotwa, Yona anawajibu, "Bado kidogo." Wakatafuta mtu mwingine. Mwishowe hata simu zikaacha kulia. Nyumba ikaanza kula ugali na mlenda mchana, mlenda na ugali jioni. Na mwanangu kutwa nzima analifuta jeupe kwa kitambaa. Mara moja nilimsikia akiliambia, "Baba, nifanyeje?"

Mama wee! Na bado sikusema.

Ikafika siku akamwambia mkewe aombe radhi. Aliombe gari! Eti ndiko Baba alikoweka mkono wake. Mama Jeni alibisha, wakagombana, na kwa kutaka amani ndani ya nyumba akakubali. Akafunga kitenge vizuri, akapiga magoti mbele ya bampa, watoto wake wamejipanga wanatazama.

"Baba mkwe, kama nilikosa, nisamehe."

Taa za gari zinamkodolea tu. Mtoto mdogo akauliza, "Mama, babu yumo kwenye injini?"

Mimi nilikuwa dirishani, nimeshika pazia. Neno moja tu lingemwinua yule binti pale chini, na neno lenyewe nilikuwa nalo mimi. Nikalimeza! Hiyo ndiyo dhambi yangu hasa, ndugu zangu. Ile ya kwenye uji ilikuwa tamaa. Hii ya dirishani ilikuwa roho mbaya.

Nikaona nitibu uongo kwa uongo. Nikasema, "Nimeota tena. Mzee kaghairi. Kasema liuzwe."

Yona akasema jambo hilo ni zito, ni la ukoo, akamwita baba yake mdogo, yaani shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Akaja mchana na kofia yake, akanywa chai, akashusha pumzi.

"Ajabu, shemeji," akasema. "Na mimi kaka kanijia. Kasema lile jeupe nipewe mimi."

"Muongo wewe!"

"Shemeji, kwani alikuwa wako peke yako? Kwako ni mume, kwangu ni kaka. Anatembelea kote."

"Haya, alivaa nini?"

"Koti la kijani."

"Mume wangu hajawahi kuwa na koti la kijani!"

"Labda kalipata huko huko. Na wewe ulimwona kavaa nini?"

Wote wananitazama. Nikajaribu kumvisha nguo kichwani mwangu, lile shati lake la shambani, ile suruali yenye kiraka. Nikashindwa. Maana ukweli, na huu sijamwambia mtu, ni kwamba tangu tumzike sijamwota hata mara moja. Watu waliomjua juu juu wanamwota, wanakuja kunisimulia huku wanacheka. Mimi niliyemzalia nalala namngoja, haji.

"Sikumwota," nikasema. "Wala ile ya kwanza. Nilitaka gari jeupe."

Shemeji akakohoa. "Basi na mimi, ikiwa leo ni siku ya ukweli..." Akatafuta kofia yake, na kofia iko kichwani.

Mama Jeni akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa sakafuni, kisha kicheko kikageuka kilio. "Mama! Nimepigia magoti bampa!"

Nikashuka kwenye kiti, nikampigia magoti mimi. Mama mkwe kumpigia magoti mkwe, mliona wapi? Akaruka, "Inuka mama, unanitafutia laana!" Nikamwambia laana yote nimeshaichukua mimi, yeye haijambakia hata kidogo.

Yona hakucheka wala hakulia.

"Kwa hiyo Baba hakuja."

"Hakuja, mwanangu."

"Wala hakuweka mkono."

"Hakuweka."

Akaitikia kwa kichwa. "Mimi nilifurahi, mama. Nikajua ananiona ninavyohangaika."

Akatoka nje. Jamani, si bora angenitukana? Ningepona!

Jeupe likauzwa. Mama Jeni akaingia uvunguni mwa mengine mpaka akapata alilolitaka, la dizeli, baya kama kosa langu. Linavuta! Simu zimeanza kurudi. Jumapili tunakaa mle nyuma tumetazamana, magoti kwa magoti, vumbi linaingia. Kanisani nashuka kinyumenyume, makalio yanatangulia mbele ya kwaya nzima, na yule wa mkufu anasimama kabisa atazame vizuri. Atazame. Ni haki yake.

Nyie mnaotafuta gari la familia litakalovuta na tela, chungulieni chini, someni limeandikiwa mzigo gani, msilipige makofi kama mimi. Nyie kina bibi wenzangu mliotoa ng'ombe, toeni na ushauri, halafu mnyamaze, waacheni wenye kazi wachague. Na mjane mwenzangu, nakuomba sana, usimtume marehemu kusema ambacho hakukisema. Walio hai wanamsikiliza kuliko unavyodhani, na utakapomnyang'anya mtu baba yake mara ya pili, hakuna matanga, hakuna wa kuja kumpa pole.

Yona ananiheshimu bado. Kila asubuhi anakuja mlangoni, "Shikamoo mama," ananimiminia chai, ananikorogea sukari. Lakini haniulizi tena nimelalaje.