Nyimbo za Baada ya Tangazo

Siku yangu ya kwanza redioni, hapa Bunia, shefu, yaani mkuu wa programu, hakunionyesha hata kiti. Alinitwika rundo la kaseti akaniambia, "Weye utachagua nyimbo za kisha matangazo ya vifo. Usiweke yenye inachezesha watu. Kule kwenye wanasikiliza, wako wanalia."

Nikaifanya kazi hiyo mpaka nikazeeka. Katika tangazo la kifo husomwa jina, mtaa na mahali pa matanga, kisha unahitajika wimbo. Ninyi vijana mnaoniuliza wimbo gani unagusa moyo, nawajibu kifundi: tafuteni ule ambao mwimbaji yuko karibu na kinasa sauti hata unamsikia akivuta pumzi. Kelele za vyombo huficha mengi. Katika za zamani, nilipenda wa mzee mmoja wa Mahagi, gitaa moja tu, akimwita mkewe aliyekwenda Aru kuuza nguo. Katikati anameza mate, na hakuna aliyethubutu kukata sehemu hiyo. Katika za sasa, mtafuteni msichana wa kambi ya wakimbizi aliyejirekodi kwa simu. Mvua inapiga turubai juu yake, naye hapandishi sauti. Tafadhali msimsikilize huku mkipiga soga.

Lakini wa kwanza kwangu ni wa wanawake wa Bule wakipalilia maharage. Mwanzishi, yaani anayetangulia kuimba, anatoa ubeti, wengine wanaitikia. Mama Anzelina, aliyekimbia vita huko akapanga nyumba jirani na yangu, mtaani Saio, alikuja redioni mara kwa mara kuuomba. Mwanzishi alikuwa mama yake. Walipotezana njiani siku ya kukimbia, na hakuna aliyejua kama yu hai. Tangazo la kifo hakuleta kamwe. Alileta ombi la wimbo tu.

Utepe wa kaseti huchakaa. Siku moja ule ulimezwa na mashine, ukatoka vipande vipande. Nililia kazini mbele ya watu. Mkurugenzi akaamua Mama Anzelina aje auimbe upya, tuurekodi.

Alikaa, akaimba kiitikio, akanyamaza. Akaimba kiitikio tena, akanyamaza.

"Mama, imba na ile ya kuanzisha," mkurugenzi akamwambia. "Hauijue?"

"Naijua, Direktere. Lakini kwetu ile ni ya mama yangu mupaka azikwe. Nikiianza miye, njo nimemuzika."

Mkurugenzi alikuwa mtu wa haraka na maneno makali, lakini siku ile alizima mashine mwenyewe, taratibu.

Nilistaafu tukiwa hatuna wimbo ule. Watu hudhani kustaafu ni kupumzika. Mimi bado nasikiliza matangazo kila asubuhi, roho mkononi. Na kila asubuhi, ng'ambo ya ua, Mama Anzelina alifua nguo akiitikia, akimnyamazia mama yake, akiitikia tena. Nilizoea kufagia kwa mwendo huo.

Juzi nilimwona mwanamume mgeni, mtu wa Bule, akitoka kwake ameinamisha kichwa. Kesho yake Mama Anzelina aliinamia beseni lake kama kawaida, ila safari hii alianzisha. Sauti ilimkatika, akaanza upya. Hakuna aliyemwitikia.

Nikaacha ufagio pale pale, nikasogea uani, nikaitikia.