Moshi wa Apolline

Kijiji cha Courvelle hakijawahi kuwa na cha kujivunia. Reli ilipita bonde la pili, vita vikachukua wanaume, na majina yaliyochongwa kwenye jiwe la mashujaa sasa ni mengi kuliko watu wanaokwenda misa. Kilichobaki ni ng'ombe, jibini na msitu wa kijiji. Kuni za msitu huo hugawiwa kila mwaka, fungu moja kwa kila jiko linalowaka. Asubuhi ya sikukuu ya Mtakatifu Martin, mwezi Novemba, meya hupita njiani akitazama juu ya mapaa. Dohani isiyotoa moshi haipati kitu, na mwenye kulalamika hujilalamikia mwenyewe.

Léonide Ferroux alizaliwa hapo, akakamua ng'ombe hapo, akafiwa na mume hapo, na hapo hapo akagombana na mdogo wake wa kike, Apolline, kwa ajili ya sufuria ya shaba ya marehemu mama yao. Wakajenga ukuta katikati ya nyumba ya wazazi, kila mtu na dohani yake, wasisemezane tena. Léonide aliutunza ugomvi ule vizuri. Kila asubuhi alitega sikio ukutani. Mdogo mtu akikohoa, yeye hushusha pumzi, kisha humlaani.

Vuli moja Apolline alianguka akavunjika nyonga, akapelekwa hospitali mjini. Ukuta ukanyamaza, na Léonide akaingiwa na hofu. Fungu la kuni likipotea, Apolline angerudi kwenye nyumba ya baridi, na kikongwe hawezi kukaa kwenye nyumba ya baridi. Angepelekwa kwa masista wanaolea wazee, na huko hakuna arudiye.

Basi asubuhi ya Mtakatifu Martin, alipomaliza kukamua, Léonide aliingia kwa mdogo wake kwa mlango wa nyuma, kuni kifuani. Dohani iliyokaa bila moto ina kiburi. Moshi ulirudi ndani. Akapuliza, akatukana, akapuliza tena. Ulipokubali kupanda, meya Thiévenaz alikuwa anachungulia mlangoni.

"Apolline karudi?"

"Moshi unauona?"

"Nauona."

"Sasa unaniuliza nini? Unahesabu moshi au unahesabu watu?"

Meya alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, jambo lililowachosha wengi.

"Moshi. Apolline atapata fungu lake. Ila wewe, Bibi Léonide, dohani yako haitoi moshi."

Léonide alitoka akatazama. Ilikuwa kweli.

"Alfajiri moto ulikuwa unawaka."

"Alfajiri mimi nilikuwa sijapita."

Apolline alirudi kabla ya Krismasi, kwa magongo, na majirani walikuwa wameshammwagia habari yote kabla hajashuka garini. Upande wa pili Léonide alikuwa amejifunika mablanketi, akichoma mbao za uzio wake. Ndipo sauti ikapenya ukutani, ya kwanza tangu mama yao azikwe.

"We mjinga kweli. Ukasahau moto wako mwenyewe?"

Léonide alitupa ubao mwingine motoni.

"Njoo uote. Na usidhani nimekusamehe."

"Nani kakuomba msamaha?"

Akabeba kiti chake akatoka. Kutoka mlango hadi mlango si mbali, lakini ilimbidi akitue kile kiti njiani, akae, alie kwanza.