Simbilisi wa Mama na Vidonge vya Rangi Mbili

Wenzangu mliolelewa katika vijiji vya ujamaa hamhitaji kuelezwa asubuhi zetu zilivyokuwa. Mchakamchaka kabla jua halijachomoza, miguu peku kwenye umande, tunaimba kusifu kilimo huku matumbo yakinguruma. Kisha kufagia uwanja, kisha hesabu, kisha jembe kwenye shamba la pamba la shule. Jioni tulicheza rede kwa mpira wa soksi kuukuu mpaka mama zetu walipoanza kutuita kwa majina kamili, na hapo kila mtu alijua uvumilivu umekwisha. Nikiwasimulia wajukuu wangu, wananiuliza kama tulikuwa jela. Wao wakitumwa chumvi dukani wanataka bodaboda.

Lakini si kila ninachokumbuka kinanichekesha. Kuna jambo ambalo mpaka leo likinijia, naweka kikombe cha chai chini.

Tulikuwa Zombo, miaka michache baada ya kuhamishwa kutoka milimani. Baba alikuwa kibarua wa barabara upande wa Mikumi, akija nyumbani kwa nadra. Mama alibaki na sisi wawili, mimi Rehema na mdogo wangu Tabu, pamoja na simbilisi wake. Mama ni mzaliwa wa Malolo, na wale wanyama alitoka nao kwao ndani ya kikapu. Ni viumbe wadogo wa duara, hawana mkia, wanaishi jikoni na kula majani kutwa. Ukiingia na fungu la majani mabichi wanakupokea kwa miluzi. Ndio waliokuwa nyama yetu ya sikukuu, maana nyama ya ng'ombe tuliionja harusini tu. Mkubwa wao alikuwa jike mmoja tuliyemwita Kijivu, mama wa karibu wote waliokuwa pale. Yeye hakuna aliyethubutu kumtaja kwa mchuzi mbele ya Tabu.

Mdogo wake baba, baba mdogo Yeremia, alijipa mwenyewe usimamizi wa nyumba yetu. Aliwahi kufanya usafi katika hospitali moja mjini, akarudi na kopo la vidonge vya rangi mbili, nusu nyekundu, nusu njano. Tangu hapo akawa daktari. Kichwa kikiuma, rangi mbili. Kuku akizubaa, rangi mbili. Watu walimwamkia shikamoo hata waliomzidi umri, naye aliitikia marahaba bila aibu.

Kijivu alipong'atwa na mwenzake akaota jipu chini ya taya, baba mdogo alikifungua kidonge, akakoroga unga wake kwenye maji, akammiminia mdomoni. Mama alimwambia kwa upole kwamba jipu lingeiva lenyewe. Akacheka. Kesho yake akarudi na kidonge kingine, na keshokutwa vilevile. Jipu lilikauka kweli, haki yake nampa. Ila Kijivu aliacha kula. Tumbo lilimkaza kama ngoma, akaanza kuharisha maji yanayonuka vibaya, akajikunyata pembeni manyoya yamemsimama. Mama alimsihi shemeji yake aache. Baba mdogo akasema ugonjwa umehamia tumboni, akaongeza dawa. Kisha akawatangazia majirani kwamba wanawake wa Malolo wanachojua ni mchuzi tu. Wakacheka. Mama akainama akaendelea kupepeta mchele, kwa sababu shemeji hajibiwi. Ile heshima iliyomziba mama mdomo ndiyo inayonichoma mpaka leo.

Kwa bahati, wiki ile Bwana Mifugo alikuja kuchanja ng'ombe wa wafugaji waliokuwa jirani. Mama alimfunga Kijivu kwenye khanga, tukaenda. Niliogopa kijana yule atatucheka, mtu wa ng'ombe kuletewa simbilisi. Hakucheka. Alimpapasa tumbo, akauliza amepewa nini, na alipojibiwa akatikisa kichwa.

"Mama, tumboni mwa huyu kuna vijidudu vinavyomsagia majani," alisema. "Dawa haikuchagua. Imeua vibaya na vizuri pamoja. Sasa inabidi tumrudishie vile vizuri."

Akatueleza namna ya kufanya. Dawa iachwe kabisa. Mgonjwa apate joto. Majani yatwangwe, yalainishwe kwa maji, alishwe kidogokidogo bila kuchoka, na humo kichanganywe kinyesi kibichi cha wenzake wazima, kwa kuwa ndimo vile vijidudu vilimobaki. Alituonya kwamba huenda asipone, ila bila hivyo atakufa kwa hakika.

Tulitumia kikonyo cha jani la mpapai kama mrija. Mama alimshika, mimi nilidondoshea uji ule wa kijani pembeni mwa mdomo, na Tabu akawa mkusanyaji wa vinyesi, kazi aliyoifanya kwa majivuno kama mweka hazina wa kijiji. Mwanzoni hakukuwa na nafuu yoyote. Tulimwona akizidi kuwa mwepesi mkononi. Kisha asubuhi moja Tabu alipompitishia unyasi puani, Kijivu akaung'ata na kuuvuta. Siku iliyofuata mama alituita jikoni kwa sauti ya mtu aliyepata mtoto. Tulikimbia. Alikuwa anatuonyesha vinyesi vikavu, vya duara, vizuri.

Baba mdogo alipita, akamwona Kijivu akitafuna, akasema, "Mnaona? Dawa yangu hiyo."

Mama akamwongezea Kijivu majani.

Mvua zilipoanza, Tabu akaharisha. Baba mdogo akaja na kopo lake. Safari hii mama alisimama mlangoni, mkono mmoja huku, mkono mwingine kule.

"Shemeji, mnyama nilikuachia," alisema. "Mtoto sikupi."

Baba mdogo alimjibu kwamba atamshtaki kwa kaka yake. Mama akamwambia amshtaki. Akamfunga Tabu mgongoni, akatembea hadi zahanati. Huko wakampa maji ya sukari na chumvi na kumwambia aendelee kumpa uji. Tabu alipona.

Baba alipokuja mwisho wa mwezi aliwasikiliza wote wawili. Alijua ukweli, nilimwona usoni kwamba anaujua. Kisha akasema, "Yule ni ndugu yangu," akamwagiza mama apeleke jogoo akaombe radhi. Jogoo nilimbeba mimi. Mama aliomba radhi kwa kosa la kumpazia shemeji sauti. Kwa kumzuia mlangoni hakuomba, na baba mdogo alipomtaka aseme na hilo, mama aliaga tukaondoka. Baba mdogo alimla jogoo yule na kuendelea kuitwa daktari mpaka alipozeeka.

Siku hizi wanawake wanajibu, na ninafurahi. Lakini dawa! Enzi zetu kopo la vidonge lilikuwa moja kijiji kizima. Leo kijana akipiga chafya anakwenda dukani kununua vidonge viwili, anameza kimoja, kingine anawakorogea kuku. Majuzi nilimkuta mjukuu wangu akimpa mwanawe, kitoto cha mwaka mmoja, kidonge cha rangi mbili kwa ajili ya mafua. Nikamnyang'anya. Akanitazama kwa huruma, akaniambia bibi mambo yamebadilika, akatoka kwenda kununua kingine.

Nilibaki na kile kidonge mkononi. Nilitamani mama yangu awepo hata asubuhi moja tu, asimame mlangoni.