Grinlandi Saba

Mama Mizani hakuzaliwa na jina hilo. Wanafunzi ndio waliombandika, kwa kuwa haingii darasani bila mizani yake ya sahani mbili. Nyumbani, uvungu wa kitanda ulijaa maboksi matupu ya kukatia maumbo, mpaka mumewe akawa anawaambia mashemeji kwamba yeye alioa mke akaletewa ghala.

Mwaka ule alipewa darasa la waliokatiwa tamaa. Mwalimu Mkuu alitaka waondolewe kabisa kwenye somo la hesabu, wasije wakaishusha shule kwenye mtihani. Mama Mizani akamsihi aje kwanza aone kipindi kimoja, kisha aamue. Akakubali shingo upande.

Siku yenyewe Mama Mizani alitundika ramani mbili za dunia. Dunia ni mviringo, aliwaeleza, huwezi kuilaza kwenye karatasi bila kuivuta mahali. Ramani ya kwanza ilitunza mielekeo ili nahodha asipotee, ikazivimbisha nchi za kaskazini. Ya pili ilitunza ukubwa. Kutoka kila ramani alikuwa amekata maboksi kwa umbo la Afrika na la Grinlandi, kile kisiwa cha kaskazini. Walipopima maumbo ya ramani ya kwanza, sahani zilikaribia kulingana. Kwa ramani ya pili, ambayo Grinlandi zake alizikata nyingi, akawaahidi, Afrika moja itataka Grinlandi kumi na nne.

Wakaziweka moja moja. Ilipofika ya saba, mizani ikatulia sawa.

Mwalimu Mkuu, aliyekuwa akiandika pembeni, akafunika kalamu yake kama aliyekwisha kuamua. Mama Mizani angeweza kuisingizia mizani ubovu, na nani angembishia? Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku hiyo ingemfikisha alikokwenda. Hakuifuata, na ndiyo maana mimi namvulia kofia mpaka leo.

"Mimi nimesema kumi na nne, mizani inasema saba," akawaambia. "Kuna aliyekosea, na huenda ni mimi. Nisaidieni kumtafuta."

Wakainuka wote. Wakabadilisha sahani, wakalaza Grinlandi juu ya ramani kuona kama imekatwa vizuri. Wapi. Ndipo binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye hakuwahi kunyoosha mkono, akakunja ncha ya Afrika, akakunja ya Grinlandi. Akakata vipande vitatu vyenye ukubwa uleule, kimoja cha boksi la Grinlandi na viwili vya lile la Afrika, akavipima.

"Mwalimu, boksi la Grinlandi ni nene," akasema. "Lina uzito mara mbili ya lile la Afrika. Kwa hiyo hizi saba zihesabu kumi na nne."

Ni kweli. Boksi la kwanza lilimwishia mwalimu akikata, akachukua lingine bila kuangalia. Mama Mizani alikiri kosa mbele ya wote, na moyoni alifurahi kuliko siku aliyopata cheti cha ualimu.

Kengele ikalia. Hakuna aliyetoka, macho yote yalikuwa kwa Mwalimu Mkuu. Binti yule akajikaza kumuuliza kama wanaondolewa.

Mwalimu Mkuu akavuta kiti mpaka kwenye dawati la binti, akaketi.

"Mtaondokaje, na mimi sijaelewa?" akasema. "Hiyo mara mbili umeipataje? Hebu nipimie tena."