Mwanamkuu Alipopita Puge

Miaka ile ya kuelekea uhuru, Mwanamkuu binti Mabruki wa Kanyenye, mjini Tabora, aliuza kanga minadani kutoka huko hadi Kahama, akidandia malori ya pamba. Juu ya magunia ndiko alikojuana na Koleta na mumewe Tobias, Wanyamwezi wa Puge, wauza asali. Wakawa wenzi wa safari. Masika moja lori lilikwama mtoni, Tobias akamvusha Mwanamkuu mgongoni, naye Koleta akapiga kelele kutoka ng'ambo: "Shoga, usiuzoee mgongo huo, una mwenyewe!"

Baadaye miguu ilianza kumsumbua, Mwanamkuu akatulia mjini kwa bintiye. Hawakuonana tena mpaka mwisho wa mwaka 1974, mwaka wa njaa, mkwewe Twalibu alipotumwa kwenda Nzega na lori lake kuchukua mahindi ya msaada.

"Nichukue, baba," alimwambia. "Tupite Puge nikawaone wenzangu."

Uzio wa minyaa aliutambua kutoka mbali. Nyumba haikuwa na paa. Kuta zilikuwa nyeusi kwa moshi, na uani majani yamefika kiunoni. Akapiga hodi hivyo hivyo.

"Karibu, shemeji," sauti ilijibu kutoka ndani. "Kwa jua hili utatusamehe."

Tobias alikuwa amelala juu ya ngozi ya ng'ombe, mbavu nje, akikohoa mpaka machozi yanamtoka. Kabla Mwanamkuu hajampa pole, Koleta aliingia na kibuyu cha uji. Wakakumbatiana, kibuyu katikati yao.

"Walikuja watu wa operesheni," Koleta alieleza. "Wakasema wote tuhamie kijiji kipya, kule barabarani. Nyumba wakazitia moto ili tusirudi. Lakini watoto wetu watatu wamezikwa hapa nyuma. Mwenzangu kila asubuhi anakuja kuwapalilia. Juzi akashindwa kurudi."

"Sikushindwa," Tobias alisema. "Nimekataa."

Uji ulikuwa wa unga wa njano, ule wa msaada ambao watu waliuita Yanga. Koleta alitaka kumnywesha mumewe, naye akafumba mdomo.

"Mgeni asipokunywa, mimi sinywi."

Mwanamkuu alijua ndicho chakula chao cha siku nzima. Akanywa funda, akampa Tobias, wakapokezana mpaka ukaisha.

Twalibu alipomgusa mgonjwa kifuani alitikisa kichwa. "Mama, huyu twende naye hospitali sasa hivi."

Tobias hakuwa tena na nguvu za kubisha. Walimlaza juu ya magunia matupu, kichwa mapajani mwa Koleta. Mwanamkuu alikataa kiti cha mbele, akapanda nyuma nao, akikinga jua kwa kanga yake. Barabara ilikuwa mbovu. Kila lori liliporuka, Tobias aliguna. Kisha liliruka, na hakuguna.

"Shoga," Koleta alisema, "amenyamaza."

Mwanamkuu alipiga bati la chumba cha dereva mpaka Twalibu akasimama.

Waligeuza lori hadi kijiji kipya. Koleta aliomba jambo moja tu: mumewe azikwe pamoja na watoto wake. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mpole aliyekuwa akitazama chini muda wote, alisema haiwezekani.

"Kule ni pori sasa, mama. Nikikuruhusu wewe, kesho wote watarudi. Nitajibu nini wilayani?"

Tobias akazikwa kijijini, mwisho wa mistari ya nyumba, mahali ambapo hapakuwa na kaburi jingine.

Mwanamkuu alibaki kwa matanga. Siku ya kuondoka alimwambia Koleta, "Twende Kanyenye, shoga. Chumba kipo."

"Nikija mjini, nani atawapalilia wale?"

Masika yaliyofuata yalikuwa mazuri. Mvua zilipokatika, Mwanamkuu alipanda tena lori la Twalibu, akiwa na mchele na kanga doti moja. Nyumba ya Koleta pale kijijini ilikuwa na watu wengine. Mwanamke kijana aliyebeba mtoto alimwamkia shikamoo, akamweleza kwamba bibi yule alikuwa akirudi porini, anarudishwa, anarudi, mpaka siku moja mvua kubwa ikamkuta huko. Walimkuta asubuhi kando ya makaburi.

"Mmemzika wapi?"

"Huku huku kijijini. Karibu na mzee."

Mwanamkuu alimpa yule mama mchele, akaomba aonyeshwe njia ya porini, kwenye makaburi ya watoto. Twalibu alizima mashine, akamsubiri.