Kidari Nilichompelekea Mfadhili

Mwanangu, nianze na aibu yangu kabla hujaisikia kwa wengine, maana mtaani kwetu Gerezani habari haisubiri basi la mwendokasi. Ni mimi niliyebeba sinia la kidari nikaliweka mbele ya magoti ya mfadhili, nikamwambia, "Karibu, baba." Kwa sinia hilo moja babu yangu akaacha kuwa mwenyekiti, na mjomba wangu akaacha kumwamkia baba yake mzazi.

Najua unachowaza. Huyu yuko kidato cha nne, ndevu zenyewe za kuhesabika, ananiita mwanangu kwa mamlaka gani? Wengine huzeeka kwa mvi, mimi nimezeeka kwa makosa, na kwa hayo nastahili mkongojo. Wewe wa kidato cha kwanza kaa hapo, weka simu mfukoni, unisikilize.

Nakumbuka ilikuwa Jumamosi ya karamu ya wawindaji. Babu yangu, Mzee Kombo, alikuwa fundi wa mabehewa. Yeye na wenzake wa reli walizoea kuwinda kwa kibali kwenye vituo vya porini, na walipostaafu wakaunda chama. Kila msimu wanakwenda upande wa Rufiji, wanapiga wanyama wachache walioruhusiwa, nyama wanagawana na kijiji, na njiani wananyofoa mitego ya waya ya majangili. Wakirudi, wanakula pamoja uani kwa babu, na mama yangu ndiye anayepika. Mama ni binti wa Mzee Kombo.

Sasa sikiliza hili, maana ndipo nilipoangukia. Katika karamu ile, kidari cha mnyama huwekwa mbele ya mwenyekiti. Hakili peke yake. Anakikata vipande vidogo kwa kisu chake, anagawa kuanzia kwa mdogo kuliko wote, yeye anapata cha mwisho. Huku akigawa anasema neno la kufunga kikao, na akishalisema hakuna anayeongeza lake. Chama hakina kura. Wazee wakikubaliana nani awaongoze, jikoni wanaambiwa sinia la kidari liende wapi, basi. Siku hiyo mama alinipa sinia akaniambia, "La babu yako hili. Usisimame njiani."

Lakini siku hiyo kulikuwa na mgeni. Bwana Lukas, mzungu mrefu, mpole, ofisi yake iko Posta. Shirika lake lilikwisha kuwapa wazee buti na redio za upepo za kuitana porini, na sasa lilikuwa linaleta gari. Sharti lilikuwa moja: bunduki ziwekwe chini, chama kibaki cha kunyofoa mitego tu. Mjomba Sefu, mtoto wa kiume wa babu na katibu wa chama, anayeuza buti na mahema Kariakoo, alikuwa analitaka gari lile kama mgonjwa anavyotaka maji. Alisema wakiwa na gari watanyofoa mitego mara nyingi zaidi. Babu alisema mwindaji huenda porini kwa sababu ana la kufuata, ukimwondolea hilo atabaki nyumbani na magoti yake. Tena wanakijiji wanavumilia nyati wanaokanyaga mahindi yao kwa kuwa wanajua ipo siku watamla mmoja. Wote wawili walikuwa na hoja, mwanangu, na ndiyo maana ugomvi wao ulikuwa mgumu.

Mimi hoja sikuzijali. Nilichokiona ni mjomba akimhudumia mzungu. Alimletea mto. Alimfukuzia paka. Alimpepea yeye, akampepea na supu yake. Lukas anajua Kiswahili, lakini mjomba alikuwa anamtafsiria hata kikohozi: "Bwana Lukas amekohoa." Nikajisemea, kilichobaki ni kumpa kidari tu. Wazo likanichekesha, na mimi wazo likishanichekesha miguu haiombi ruhusa. Nikapita mbele ya babu, nikaenda kumwekea Lukas.

Nilitegemea kicheko. Nilitegemea babu aseme, "Hebu mleteni huyo mbwa mwitu nimvute sikio," sinia lirudi kwake, tuendelee na pilau. Hakuna aliyecheka. Wazee wote waliangalia lile sinia kama mtu aliyeona mkoba wake umebebwa na polisi. Mzee Temu, dereva mstaafu wa treni, mtu wa Kilimanjaro mwenye sauti ya honi, aliinamia sahani yake. Nani angemwambia mtu anayekuletea gari arudishe mnofu? Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Hawakutuambia kuwa uliojaa unalambwa mpaka kwenye kiwiko.

Lukas akashukuru, akala. Akakila chote, na gegedu lake. Alipomaliza, mjomba akainama kidogo akasema, "Kwa desturi yetu, aliyepewa kidari ndiye mwenye neno la mwisho." Lukas akafuta vidole, akaona haya kidogo, akasema, "Basi mimi naomba bunduki zipumzike. Kuanzia leo. Asanteni sana."

Babu akakunja kisu chake, akakirudisha mfukoni. "Neno limesemwa," akasema. Akanawa, akaingia ndani.

Mimi je? Nikauchuna. Siku ya kwanza kwa woga. Baada ya hapo kwa sababu sikusema siku ya kwanza. Uongo wa kunyamaza ndivyo ulivyo, unakua wenyewe, hauhitaji hata mbolea. Babu aliamini kwamba Sefu amewahonga watu wa jikoni ili ampindue baba yake kwa mnofu. Mjomba naye aliamini kwamba babu ndiye aliyenituma, kumvua nguo mbele ya mgeni, kama kusema: si unamtaka mzungu, haya mpe na kiti changu. Mama aliwauliza wote wawili, kila mmoja akamwambia amuulize mwenzake. Aliponiuliza mimi, nikasema niliambiwa na mzee mmoja, simkumbuki. Heri kujikwaa dole kuliko ulimi, na mimi siku hiyo nilijikwaa ulimi nikaanguka nao.

Basi nikawa mjumbe baina yao. Mjomba alikuwa na desturi ya kumnunulia babu dawa ya magoti, na hakuiacha, ila sasa alinipa mimi. "Mpelekee babu yako." Hakusema baba. Nikifika, babu anapokea kwa mikono miwili, anaiangalia, anasema, "Mwambie katibu nimeshukuru." Katibu, mwanangu! Mtoto aliyemfundisha kutembea akimshika kidole. Mimi napokea salamu hizo, nazibeba toka Gerezani mpaka Kariakoo na kurudi, na moyoni najua kuwa kamba iliyowafunga ameifunga huyu huyu mbeba dawa.

Chama nacho kikalala. Gari lilikuja, zuri, likaegeshwa mlangoni kwa mjomba, na wazee wakakataa kulipanda. Kule kijijini wakapiga simu kwamba mitego imerudi, na swala ameoza kwenye waya bila mtu kumwona. Gari lipo, buti zipo, watu hawapo.

Halafu siku moja nimefika dukani kwa mjomba kuchukua dawa, nani anaingia? Lukas, mkononi ana kofia mpya.

"Huyu ndiye!" akasema, uso umejaa furaha. "Kijana aliyenipa nyama ya heshima. Nimemletea zawadi."

Mjomba hakutabasamu. "Aliyemtuma namjua mimi. Wewe, kamwambie babu yako kofia yake imefika."

Nilimwangalia yule mzungu, amekunjua kofia ananipimia kichwani kwa upendo, nikaona siwezi tena. "Babu hakunituma, anko."

"Nani basi? Mama yako?"

"Mimi mwenyewe. Nilikuwa nakutania wewe."

"Kunitania mimi?"

"Ulikuwa unampepea na supu yake, anko."

Mteja aliyekuwa anajaribu buti akacheka, akauona uso wa mjomba, akainama kufunga kamba za buti lisilo na kamba. Mjomba hakunipiga. Alikaa juu ya robota la mahema, akanitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Muda wote huu," akasema taratibu, "muda wote huu sijamwamkia baba yangu." Kisha akanishika mkono, hapa kwenye kifundo, kama mtoto anayevushwa barabara, ingawa mimi ni mrefu kuliko yeye, na tukatoka. Lukas akatufuata anauliza kuna nini. Mjomba akamjibu bila kugeuka, "Twende tu, Bwana Lukas. Leo huhitaji mkalimani."

Babu tulimkuta kwenye kibanda chake cha kuchomelea vyuma, miwani myeusi usoni. Nikasema yote kwa pumzi moja. Kwa miwani ile sikujua analia au anapanga pa kunipiga. Akaivua.

"Sefu. Kwa hiyo hukuwahonga jikoni?"

"Jikoni yupo dada, baba. Nikamhonge dada? Si angenipasua na mwiko?"

"Na wewe ulidhani mimi nimekudhihaki."

"Nilidhani hivyo."

"Mwanangu, mimi nikitaka kukutukana sihitaji mnofu."

Mjomba akacheka. Akasogea. "Shikamoo, baba."

"Marahaba," babu akasema. Aliivuta ile marahaba, ndefu, kama mtu anayekunywa maji baada ya saumu.

Lukas alikuwa amesimama na kofia yake. "Kumbe nilikula kiti cha mtu," akasema. "Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Wewe umeletewa chakula, umekula," babu akamwambia. "Waliokosa ni sisi wenye ndevu, tuliokuogopa. Tungekwambia palepale, ungefanyaje?"

"Ningekupa sinia. Ningecheka."

"Unaona?"

"Na bunduki?" nikadakia, maana mdomo wangu haujui kupumzika hata siku ya hukumu.

Lukas akajikuna shingo. Alikwisha kuwaambia wakubwa zake kwamba bunduki zimewekwa chini, nao wamefurahi sana, na kuwaambia vingine haitakuwa rahisi.

"Kumbe na wewe una wakubwa," babu akasema, akamsogezea stuli. Sijawahi kumsikia akimwambia mzungu yule neno kwa upole namna ile.

Chama kikakaa kikao bila mfadhili, wakabishana mpaka sauti ya Mzee Temu ikakauka. Walitoka na neno moja: bunduki zitatoka kwa kibali tu na kwa idadi watakayokubaliana na kijiji, na gari litafuatana nao kwa kazi ya mitego. Lukas akalipeleka neno kwa wakubwa zake kama lilivyosemwa, hakulipaka sukari. Jibu bado. Huenda wakakataa, huenda gari likachukuliwa, sikudanganyi. Ila mjomba sasa hupeleka dawa mwenyewe, na hukaa mpaka chai iishe.

Basi ninachokuusia, mwanangu. Anayekupa kitu mheshimu, mshukuru, umpe na mto wa kukalia, lakini mwonyeshe mapema kiti cha mwenye nyumba kiko wapi. Usimwache akikalie halafu umnunie kwa kukikalia. Ukimnyamazia mtu kwa sababu mkono wake umejaa, umemkosea na yeye pia, maana hana njia ya kujua. Na wewe mtani mwenzangu, nakujua upo humu darasani, nimekuona jana umemfungia mwenzio begi kwenye dawati: tania, dunia ina minuno mingi. Ila utani ukigeuka ugomvi wa watu wengine, simama useme ni wako kabla jua halijazama. Mungu akupe wazee wa kukusamehe kama alivyonipa mimi.

Hayo ni yangu. Ya mama ni bora zaidi. Jioni ya siku ile niliyokiri nilimkuta anachambua mchele, ameshasikia kila kitu. Nikasimama mlangoni kusubiri mwiko. Hakuinua kichwa. Alisema hivi, sijaongeza wala kupunguza:

"Kutania sikukatazi, baba yako alinipata kwa utani. Lakini nilikuuliza ukanidanganya, na kila siku uliyonyamaza ulikuwa unawatenganisha upya baba yangu na kaka yangu. Mimi nilikuwa nawapikia wote wawili, nakula peke yangu. Mungu aufanye ulimi wako mwepesi wa kukiri kama alivyoufanya mwepesi wa kuchekesha, akukuze, akupe watoto wenye vituko kuliko wewe ili unikumbuke. Sema amina. Kwa sauti, nisikie."