Madaraja ya Mwalimu Mniko

Mwalimu Vincent Mniko alikusanya stempu, tena si stempu zozote, za madaraja tu. Kijijini kwao, mwendo mfupi wa pikipiki kutoka Kerende, watu hukusanya ng'ombe, kwa hiyo walimwona mzee aliyepungukiwa akili kidogo. Hakujali. Alizibandua kwa kuloweka bahasha katika bakuli la maji ya uvuguvugu, akazianika juu ya gazeti, kisha akazibandika kwenye daftari kubwa. Chini ya kila moja aliandika jina la mto na tarehe aliyoipata.

Nyingi aliletewa na Ojwang, muuza dagaa aliyeoa hapo kijijini miaka kumi na tisa iliyopita. Kila Ojwang akivuka mpaka wa Sirari kwenda Kenya kuwasalimia ndugu zake, hupekua barua zao za zamani kumtafutia mwalimu daraja.

Mwezi wa tatu, ng'ombe kumi na wanne wa mzee Kisyeri wakaibwa na kuvushwa Mto Mara. Kesho yake Athanas, mtoto wa Kisyeri, akaja kwa mwalimu kuazima pampu ya baiskeli. Daftari lilikuwa wazi mezani. Tarehe ya mwisho ilikuwa ya siku ileile ya wizi, maana ndiyo siku Ojwang alipoleta stempu mpya.

"Mwalimu, hii ni ya nini?"

"Stempu tu, mwanangu."

"Mbona kuna mito na tarehe?"

Akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kusikika mwongo. Athanas akaondoka bila pampu.

Ritongo likaitishwa Jumamosi. Huo ni mkutano wa kijiji kizima, na mwizi wa mifugo asipojulikana hutafutwa kwa kura za siri: kila mwanamume anaandika jina la anayemshuku. Hapo kwao walikubaliana kwamba mwenye kura kumi anahama. Hakuna rufaa.

Mkewe, Teresia, alimwambia achome daftari. Akaogopa kwamba watu wakiona moshi watasema anaficha ushahidi. Ahamie wapi na miaka sitini na sita, awaache wazazi wake makaburini? Vijana aliowafundisha kusoma, waliozoea kumwamkia kutoka mbali, sasa waliinamia simu zao akipita. Mwalimu aliogopa mpaka akaona aibu kwa kuogopa.

Jumamosi, uwanjani, akapewa kikaratasi. Akawaza kama mwoga awazavyo: kura zikienda kwa mwingine, zake zitapungua. Nani tayari anashukiwa? Anayevuka mpaka kila mwezi. Akaandika Ojwang, akakunja mara nne. Lilikuwa jambo baya, na alilijua wakati kalamu bado inatembea.

Kura zikasomwa kwa sauti.

"Vincent Mniko, saba."

Mwalimu akachomeka kalamu mfukoni.

"Ojwang, kumi."

Ojwang angepata tisa angebaki.

Jioni Ojwang akaja, macho mekundu. Mwalimu akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akijua amekuja kumkaba.

"Shikamoo, mwalimu. Mi nimekuja kukuaga tu."

"Marahaba."

"Watu kumi, mwalimu! Hata siwajui ni nani. Kila mtu namwangalia usoni, najiuliza kama ni yeye." Akafuta pua kwa kiganja. "Athanas aliniambia niandike wewe, eti ndiyo nitapona. Nikamwambia siwezi. Nimerudisha karatasi tupu."

Mwalimu akamsogezea kiti.

"Wewe ndiyo peke yako sijiulizi. Hapa nimepumzika kidogo."

Mwalimu akafungua mdomo aseme. Maneno yalikuwa tayari kwenye ulimi. Akakumbuka kwamba anayemtaja mwenzake kwa uongo, ritongo likijua, naye anahama. Nje Athanas alikuwa amesimama na wenzake, wanamsubiri Ojwang atoke.

"Nikifika nitaendelea kukutafutia madaraja," alisema Ojwang.

"Asante, ndugu yangu," mwalimu akajibu, akamfungulia mlango.